Tangu Darajani

Jumamosi, 10 Agosti

Shule tumefunga jana. Wanafunzi wananiita Dakika, jina nalijua na silikatai, kwa sababu mimi ndiye ninayepanga ratiba ya vipindi na ndiye ninayepiga kengele ya asubuhi, saa moja na nusu kamili. Miaka kumi na minne kengele hiyo haijachelewa mkononi mwangu. Basi likizo hii nimejipa kazi ya kupima barabara.

Sababu ni Chiriku, binti yetu wa miaka tisa. Tulimpa jina hilo alipoanza kusema, maana akianza hamalizi. Ana pumu. Chini ya dirisha letu kuna karakana ya fundi samani. Asubuhi anapasua mbao, mchana anapiga msasa, jioni anapuliza vanishi, na vyote vitatu vinapanda ngazi hadi kitandani kwa mtoto. Daktari ametuambia mara mbili tuhame. Mara ya pili hakutabasamu.

Nyumba tumeipata, ng'ambo ya mto, katika kitongoji kipya. Vyumba vitatu, ua wenye nyasi, hakuna karakana. Lakini hapa tulipo hospitali ni dakika kumi na moja kwa miguu, nimezipima mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kule dalali anasema ni dakika ishirini kwa gari, na dakika za dalali kila mtu anazijua. Kifua kikimbana mtoto asubuhi, na magari yamesimama foleni, nitafanya nini? Swali langu ni hilo moja tu. Mwenye nyumba ametupa mpaka Jumamosi ya tarehe saba Septemba tumjibu.

Jumapili, 11 Agosti

Nimechora ramani. Njia za kuja mjini ni tatu: barabara kuu, njia ya reli na njia ya bondeni. Zote zinaanzia darajani, maana mto una daraja moja tu. Nitapima kila njia asubuhi, kutoka kule hadi hospitali, na kutoka hospitali hadi shuleni kwangu. Mume wangu amechungulia begani kwangu akasema nimesahau njia ya helikopta. Sikucheka.

Jumatatu, 12 Agosti

Barabara kuu. Gari letu tunaliita Bibi, kwa kuwa haliwaki bila kubembelezwa. Leo limekubali mara ya tatu. Nimemchukua Chiriku kwa sababu baba yake ni fundi cherehani wa sare za shule, na likizo ndiyo msimu wake, hana hata nafasi ya kunywa chai.

Tumekwenda hadi kwenye lango la ile nyumba, tumegeuza, na saa kumi na mbili na nusu nikabonyeza saa ya michezo niliyoazima shuleni. Hospitali dakika thelathini na nne. Shuleni dakika tatu zaidi. Sikutarajia vizuri hivyo.

Kitu kimoja kimeniudhi. Tulipokuwa tunakwenda, Chiriku alikaa kimya mpaka darajani, halafu akaanza: ng'ombe wale ni wa nani, mbona paa lile ni la bluu, kwa nini mwalimu wake wa hesabu hana shingo. Akanipotezea hesabu ya mataa. Kurudi alinyamaza, nashukuru, nikaweza kuandika.

Alhamisi, 15 Agosti

Njia ya reli. Dakika arobaini na moja, sita kati yake tukisubiri treni ya mizigo ipite. Nilihesabu mabehewa ishirini na tisa na kila behewa nilimwona mtoto wangu kwenye kiti cha nyuma akitafuta pumzi. Nilipogeuka kumwangalia alikuwa amekaa tu, mikono magotini, anatazama treni. Yeye mwenyewe hana wasiwasi hata kidogo. Amemwachia mama yake kazi hiyo.

Tulipokuwa tunakwenda aliimba tangu darajani hadi langoni, wimbo mmoja, ubeti mmoja.

Jumamosi, 17 Agosti

Kifua. Dawa ya kupuliza mara mbili. Sikupima kitu.

Jumatatu, 19 Agosti

Njia ya bondeni, na mvua ya kwanza imenyesha usiku. Bibi alizama kwenye tope hadi nusu ya tairi. Wanaume wanne waliokuwa wanakwenda kazini walitusukuma, mmoja akaniuliza kama mimi ni mgeni, maana mwenyeji hapiti hapa mvua ikinyesha. Dakika hamsini na mbili. Njia hii nimeifuta kwenye ramani kwa kalamu nyekundu.

Niwe mkweli: tuliponasa niliogopa. Si kwa ajili ya gari. Nilikuwa nimeshika mkoba wenye dawa na ile chupa yake ya plastiki ya kuvutia dawa, na nikagundua nimeushika hivyo tangu tulipotoka nyumbani.

Jumatano, 21 Agosti

Tumeshinda kwa mwenye nyumba. Anakaa nyumba ya pili kutoka ile anayotupangisha. Ni mama mtu mzima, alikuwa msambazaji wa barua mpaka alipostaafu, miguu yake bado haijui kukaa. Chiriku alikimbia uani mpaka nikamkataza, kwa sababu kukimbia humletea kifua. Dakika tano baadaye alikuwa anakimbia tena, huku anamsimulia paka wa watu habari za shule. Nimesema nikachoka.

Mwenye nyumba aliomba kuliona daftari. Akavaa miwani, akafunua ukurasa baada ya ukurasa, akanirudishia.

"Mwanangu," alisema, "hapa umeandika barabara tu."

Nikamweleza kwamba ndiyo kazi yenyewe. Akasema haya, akaniongezea chai. Nadhani hakuelewa ninachofanya, umri nao una mambo yake.

Ijumaa, 23 Agosti

Mvua kutwa. Madirisha yamefungwa, na vanishi haina pa kutokea ila kwetu. Nimeshuka kwa fundi samani nikamwambia maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema mbele za watu. Alisimama na msasa mkononi, amejaa vumbi mpaka nyusi, akanisikiliza hadi mwisho. Akasema atajitahidi. Sikumwamini. Mtu akipata riziki kwa kumziba mwingine pumzi atajitahidi nini?

Jumapili, 25 Agosti

Dawa mara tatu leo.

Jumanne, 27 Agosti

Barabara kuu tena, kwenye mvua, na bado dakika thelathini na tatu! Nimejumlisha safari zote za barabara kuu, nikagawanya, wastani ni thelathini na nne. Daktari aliniambia zamani kwamba dawa ya kupuliza ikitumika vizuri humshikilia mtoto mpaka afikishwe. Thelathini na nne ninaweza kuishi nazo. Kwa mara ya kwanza mwezi huu nimekula chakula cha mchana nikamaliza.

Chiriku hakufunga mdomo tangu darajani, kama kawaida yake. Kurudi alilala, au alifumba macho tu.

Nimemwambia mume wangu tunahama. Aliacha cherehani, akanishika mkono. Alisema, "Mwalimu akishapiga mahesabu, sisi wanafunzi tutabisha nini?"

Jumatatu, 2 Septemba

Shule imefunguliwa. Nimepiga kengele saa moja na nusu kamili.

Nilikuwa getini kama kila mwanzo wa muhula, nikipokea watoto. Gari likasimama, mtoto akashuka. Gari jingine nyuma yake, na jingine. Msururu ulikuwa unakwenda mpaka kwenye mzunguko wa barabara kuu na kupinda nao, siuoni mwisho. Mzazi mmoja alishusha kioo akasema ametoka ng'ambo ya mto tangu saa kumi na mbili. Alisema kwa kucheka.

Nimepima barabara wakati wa likizo. Mimi, mpanga ratiba, mtu wa kengele, ninayejua kuliko mtu yeyote katika mji huu watoto wanakwenda shule siku gani na hawaendi siku gani. Nimeipima kwa sababu likizo ndio wakati ninaokuwa na nafasi, na nikasahau kwamba nikiwa na nafasi mimi, na barabara inayo.

Jumanne, 3 Septemba

Nimeondoka peke yangu saa kumi na moja na robo, gizani, nikafika kule, nikageuza saa kumi na mbili kamili. Darajani tu nimekaa dakika ishirini na sita. Kulikuwa na gari la wagonjwa nyuma yangu, king'ora kinalia, na hakuna aliyeweza kulipisha kwa sababu hakuna pa kusogea. Nilikuwa nalitazama kwenye kioo. Liliacha kulia king'ora baada ya muda, dereva alichoka nadhani, au hapakuwa tena na haja.

Nimefika shuleni saa moja na dakika ishirini na nne. Nilikimbia kwenye kengele na viatu mkononi. Dakika themanini na nne.

Jumatano, 4 Septemba

Sijamwambia mume wangu. Ananiuliza tuanze kufunga vyombo au nguo.

Alhamisi, 5 Septemba

Naandika hospitalini, kwenye benchi, Chiriku amelala na rangi imemrudia. Niandike yote kwa mpangilio.

Fundi samani alikuwa na oda ya madawati arobaini ya shule moja, yanatakiwa kesho, kwa hiyo leo alianza kupuliza vanishi kabla hakujakucha vizuri. Mimi nilikuwa jikoni. Chiriku alitoka chumbani akasimama, ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, mabega juu. Nikamwambia avae viatu. Hakujibu. Nikamwambia tena, kwa ukali, kwamba asubuhi ni ya kuvaa viatu. Hakusema kitu. Chiriku hakusema kitu, na hapo ndipo nilipomtazama shingo, nikaona ngozi inavyozama kila anapovuta.

Nikampa dawa kwa ile chupa, mara nne, tukahesabu pamoja na baba yake kama tulivyofundishwa, tukangoja, tukampa tena. Midomo ilianza kubadilika. Baba yake akashuka mbio kumwasha Bibi. Bibi aliwaka mara ya kwanza, siku moja katika maisha yake, na haikusaidia chochote: mtaa mzima ulikuwa umejaa magari ya wazazi wanaopeleka watoto shule, mlango wa gari haukuweza hata kufunguka sawasawa.

Fundi samani alituona. Alitupa bomba lake la kupulizia chini, likaendelea kumwaga vanishi kwenye sakafu yake, akachuchumaa mbele ya mtoto. "Mpandishe mgongoni," alisema. Akakimbia. Alikimbia katikati ya magari, pekupeku, huku anapiga boneti kwa kiganja wampishe, na mimi nyuma yake na mkoba. Nilikuwa namwona Chiriku kichwa kikicheza begani kwake, nikawa namwita, haitiki.

Walimwekea mashine ya mvuke mara moja. Muuguzi alinisukuma taratibu ukutani ili apate nafasi. Nilipofungua mkono nilikuta nimeshika saa ya michezo, na inatembea. Sikumbuki kuibonyeza. Dakika sita zilitufikisha, na nyingine nilizokaa ukutani sitaziandika.

Alipoanza kupumua vizuri nilitoka kumtafuta fundi. Alikuwa amesimama nje kabisa, kwenye mvua, mbali na mlango. Nikamwambia aingie amwone. Akanionyesha shati lake na mikono yake, imekauka vanishi mpaka viwiko.

"Nanuka, Mwalimu. Siwezi kuingia hivi." Kisha akasema, akitazama chini: "Hameni. Mimi na mashine zangu hatuna pa kwenda, lakini nyie mnapo. Kila nikimsikia anakohoa huko juu, natamani mimi ndiye nihame."

Mtu huyu nilimtukana mbele za watu siku kumi na tatu zilizopita. Nilijaribu kumwomba radhi nikalia tu.

Lakini hatuhami. Nimemwambia mume wangu hapa kwenye benchi, na za barabara nimemwambia pia: dakika sita, na kule zaidi ya themanini. Nimemwonyesha namba. Hakufanya mzaha wowote. Alisema tu, "Sawa," na akawa anaifungua na kuifunga chupa ya plastiki ya mtoto.

Ijumaa, 6 Septemba

Mwalimu mkuu amenipa ruhusa nibaki nyumbani. Chiriku yuko kitandani, dirisha limezibwa kwa karatasi ya gundi, na chini leo kuko kimya kabisa. Fundi hajafungua. Madawati arobaini yanatakiwa leo, na hajafungua.

Nilikaa kuandika barua ya kumkatalia mwenye nyumba. Ni mtu wa heshima, nikasema nitamwekea jedwali la safari zote ili aone hatukukataa ovyo ovyo. Nikafungua daftari hili tangu mwanzo ili ninakili dakika. Kwa hiyo nilikuwa nasoma namba tu, maneno nayaruka. Kwenye safari ya nne neno moja, darajani, likanikwaza, nikarudi mwanzo nikasoma yote.

Tarehe kumi na mbili: alikaa kimya mpaka darajani, halafu akaanza. Kurudi alinyamaza, nashukuru. Nimeandika hivyo mimi, kwa mkono wangu. Nashukuru. Tarehe kumi na tano, aliimba tangu darajani hadi langoni, na kurudi amekaa tu mikono magotini. Tarehe ishirini na moja alikimbia uani huku anaongea, nikamkataza, akakimbia tena, na siku hiyo hakuna dawa iliyoandikwa popote. Ishirini na saba, hakufunga mdomo tangu darajani. Kurudi alifumba macho. Ni tarehe kumi na tisa tu sikuandika habari zake, kwa sababu nilikuwa nimezama kwenye tope.

Nilimwona amekaa mikono magotini nikaandika kwamba hana wasiwasi. Mikono magotini! Daktari alituonyesha mkao huo kwa vitendo, alikaa yeye mwenyewe kwenye kiti akatuonyesha, alisema mkimwona amekaa hivi anatafuta hewa. Nilikuwa nahesabu mabehewa.

Nilikwenda chumbani. Nikamuuliza kwa nini tulipokuwa tunarudi mjini alikuwa haongei.

"Nilikuwa napumua, mama," alisema. "Siwezi vyote viwili."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema nilikuwa nimemwambia anyamaze nihesabu. Hakusema kwa kulaumu. Nimekaa pembeni ya kitanda chake mpaka alipopata usingizi. Barua nimeichana.

Jumamosi, 7 Septemba

Tumekwenda wote watatu. Darajani nilizima redio na kupunguza mwendo. Tulipomaliza nguzo ya mwisho, zikapita nyumba mbili, tatu, halafu sauti ya nyuma ikasema kwamba ng'ombe wale leo wamepungua mmoja. Mume wangu alinitazama. Nilishindwa kuendesha, nikasimamisha gari pembeni kidogo.

Kwa mwenye nyumba nilimweleza yote, hata hofu yangu: kifua kikibana hapa, na daraja limesimama, nifanye nini? Akashangaa kweli. Aliuliza kwani zahanati tumeifanyaje. Zahanati ipi? Ile ya nyuma ya tangi la maji, alisema, barua zao alizipeleka yeye miaka kumi na tisa. Mume wangu hakungoja chai, alitoka kwa miguu. Alirudi akasema ni dakika nne, inafunguliwa alfajiri, usiku yuko muuguzi wa zamu, mashine ya mvuke ipo na ameonyeshwa ikiwashwa. Alikuwa anahema na anacheka kwa pamoja.

Nilichukua ramani yangu nikaitazama. Njia tatu, zote za kuja mjini. Nyuma ya nyumba nilikuwa nimeacha karatasi nyeupe. Mwenye nyumba hakunikumbusha alichoniambia siku ile, na mimi sikuhitaji kukumbushwa.

Tumesema ndiyo.

Jumapili, 15 Septemba

Tumehama. Fundi samani amebeba kabati peke yake. Chiriku amemwahidi barua, na mwenye nyumba ameahidi kumfundisha kuandika anwani.

Alhamisi, 19 Septemba

Sijatumia dawa ya kupuliza tangu Jumatatu. Namaanisha Chiriku. Naandika kama vile kifua ni changu.

Jumatatu, 23 Septemba

Wiki iliyopita nilikuwa natoka saa kumi na moja na nusu na nafika mapema. Hofu haijaniisha, nisijidanganye. Kila nikivuka daraja nikiiacha nyumba nyuma najiuliza kama nimefanya sawa, na kila simu ikilia naikimbilia. Chiriku sasa anasoma shule ya hapa hapa kitongojini, baba yake anampeleka kabla hajaenda kwenye cherehani yake.

Leo aliamka nikiwa nafunga viatu. Alinisindikiza hadi kwa Bibi akinisimulia ndoto: kulikuwa na treni, na paka ndiye dereva, na abiria wote walikuwa walimu wa hesabu. Nilikuwa na funguo mkononi. Niliitazama saa mara moja, kisha nikaegemea mlango. Alivuta pumzi katikati ya sentensi, ndefu, haina mluzi wowote, akaendelea. Ilikuwa ndoto ndefu.

Kengele niliisikia nikiwa kwenye foleni, mita mia tatu kutoka getini. Imepigwa na mwalimu wa zamu, na kwa masikio yangu alikuwa amewahi dakika mbili. Wanafunzi wa darasa la sita waliponiona naingia walisimama dirishani kana kwamba wameona mzuka.

Mwalimu mkuu alinisogezea kitabu cha mahudhurio. Mstari mwekundu wa waliochelewa ulikuwa umeshapigwa, na jina langu lilikuwa chini yake, kwa mara ya kwanza. Mwisho wa mstari kuna safu ya sababu. Wenzangu huandika foleni, au mvua, au gari bovu. Nikachukua kalamu nikaandika: Mtoto alikuwa anaongea.